Kimbunga kinakuja: namna ya kuwahifadhi wakazi wa mtaa kabla upepo haujafika

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji, mjumbe, mwalimu mkuu, imamu na mzee wa kanisa katika miji ya pwani yetu: Mtwara, Lindi, Kilwa Masoko, Kilindoni, Dar es Salaam, Unguja. Wilaya ina kamati yake ya maafa, na amri ya watu kuhama itatoka juu. Lakini amri ikishatoka, atakayegonga mlango wa mama aliyejifungua juzi si mkuu wa wilaya. Ni wewe.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kituo kizuri cha hifadhi si kile kilichojaa watu. Ni kile kilichopokea wale tu wasio na pengine pa kwenda, wakaingia jua lingali juu, wakakuta maji, choo na mtu mwenye daftari. Mengine yote hapa chini ni njia ya kufika hapo.

Kwa wanaodhani vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska: Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja merikebu za Sultani Barghash. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Aprili 2019 Mtwara ilijiandaa kwa Kenneth, kikatua ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado, Msumbiji. Aprili 2021 Jobo kilifika pwani ya Dar es Salaam kimeshaishiwa nguvu. Mei 2024 Hidaya kikatua Mafia. Boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimama, na barabara ya kusini ikakatika huko Kilwa. Vimbunga viwili vya majuzi kabla ya Hidaya vilitupita au vilichoka njiani, na hilo limewafundisha watu wengi kukaa majumbani. Utakutana nao mlangoni.

Hatua ya kwanza: gawa nyumba za mtaa katika makundi matatu

Kazi hii hufanywa Oktoba, kabla msimu haujaanza Novemba. Chukua daftari, zunguka na wajumbe, na kila nyumba iandikiwe herufi moja: B, N au K.

B ni *baki*. Nyumba ya tofali za saruji au za kuchoma, yenye linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) iliyozunguka kuta zote, paa lililofungwa vizuri, isiyokuwa bondeni wala karibu na ufukwe, na isiyo na mwembe mkongwe au minazi iliyoinamia paa. Wenye nyumba hii wakae ndani. Wakienda shuleni wanachukua nafasi ya mtu mwingine bure.

N ni *ndugu*. Nyumba dhaifu au iliyo mahali pabaya, lakini mwenyewe ana kaka, shangazi, mkwe au rafiki mwenye nyumba ya kundi la kwanza. Andika jina la huyo ndugu na mtaa anaokaa, na uhakikishe huyo ndugu mwenyewe ameambiwa.

K ni *kituo*. Nyumba ya fito na udongo, ya makuti, ya mabati yaliyokandamizwa kwa mawe, au chumba cha kupanga bondeni, na mkaaji wake hana mtu mjini.

Kuna sharti moja lisilo na mjadala. Aliye bondeni au ufukweni haingii kundi la kwanza hata kama nyumba yake ni ya zege kutoka msingi hadi dari. Kwenye vimbunga vingi maji ndiyo yanayoua zaidi, si upepo, na maji hayaulizi unene wa ukuta.

Kwa nini nasisitiza kundi la pili? Piga hesabu. Tuseme mtaa wako una kaya 400 zenye watu 4 kila moja: ni watu 1,600. Shule yako ya msingi ina madarasa 8 imara, kila moja mita 7 kwa 9, yaani mita za mraba 63. Kwa usiku mmoja wa dharura, mtu mmoja anahitaji angalau mita za mraba 2 ili aweze kujinyoosha, kwa hiyo darasa linabeba watu 31 na shule nzima 248. Ukienda na kipimo cha mashirika ya misaada kwa kukaa siku kadhaa, mita 3.5 kwa mtu, darasa linabeba 18 tu. Hata ukibana, humalizi moja ya sita ya mtaa. Cuba, ambako watu huhamishwa karibu kila msimu, walio wengi hulala kwa ndugu na majirani wenye nyumba madhubuti. Vituo vya serikali ni vya waliobaki. Sisi watu wa pwani ambao tunajua jina la binamu wa tatu hatuna sababu ya kushindwa hilo.

Katika daftari hilohilo, weka alama kwa wale watakaohitaji mkono: mjamzito aliyekaribia, mgonjwa wa kitandani, mzee anayeishi peke yake, mwenye kiti cha magurudumu, kiziwi (kipaza sauti chako hakimsaidii kitu), anayetumia insulini, dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi. Kila mmoja apewe jirani mmoja wa kumfuata, kwa jina. Habari za dawa ziwe siri yako na ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, zisisomwe kwenye kikao.

Hatua ya pili: panda darini

Majengo mengi huteuliwa kuwa vituo kwa sababu ni makubwa na ni ya umma. Hiyo si sababu. Mtafute fundi seremala, chukueni ngazi na tochi, mpande darini mchana kweupe.

Angalieni mahali kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, inapokalia ukuta. Je, kuna waya mnene au kipande cha nondo kilichotoka ndani ya linta kikaizunguka mbao, au mbao imepigwa msumari tu? Msumari peke yake hushikilia paa lisidondoke. Kazi ya kimbunga ni kulinyanyua. Shika papi, mbao zinazopigiliwa mabati, utikise. Ikicheza mkononi mwako, itaondoka. Angalia mabati: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na misumari ya bati kwenye kingo za paa inatakiwa ikae karibu karibu kuliko katikati, kwa kuwa upepo huanza kung'oa pembeni. Upenu mrefu unaotegemea nguzo nyembamba ni mkono uliomnyooshea adui. Kama hauwezi kufungwa upya, vyumba vilivyo upande huo visilaliwe. Paa la pande nne hustahimili kuliko la pande mbili. Vyumba vidogo vyenye kuta nyingi za ndani ni salama kuliko ukumbi mmoja mpana, hata ukumbi huo uwe mzuri kiasi gani siku ya harusi.

Kumbuka pia kwamba nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo kwenye ukuta na paa unakuwa mara nne. Paa lililovumilia upepo wa kusi wa kilometa 60 kwa saa halijathibitisha chochote kuhusu kilometa 120.

Kisha maji. Mwaka 2013, kimbunga Haiyan kilipoupiga mji wa Tacloban nchini Ufilipino, kulikuwa na watu waliokufa maji wakiwa ndani ya majengo waliyoambiwa ni vituo vya hifadhi. Kuta zilisimama, bahari ikaingia. Kwa hiyo waulize wavuvi wazee bamvua kubwa kabisa wanalolikumbuka lilifika wapi, na kituo chako kiwe juu sana ya hapo. Lindi ina vilima nyuma ya mji. Hakuna udhuru wa kuwapeleka watu kwenye jengo lililo karibu na bandari. Mtwara, Shangani na pembezoni mwa ghuba ya Mikindani si mahali pa kituo. Dar es Salaam, ondoa kwenye orodha shule yoyote iliyo bonde la Msimbazi, hata kama haijawahi kufurika mbele ya macho yako.

Hapa kuna jambo ambalo baharia atalielewa upesi. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikitua kwenye pwani yetu inayotazama mashariki, upande wa kusini wa mahali kinapotua ndio ambao upepo unasukuma bahari kuingia nchi kavu. Upande wa kaskazini upepo unatoka bara kwenda baharini. Na kina cha maji kitategemea sana saa ya kutua: bahari ikiwa imejaa wakati wa bamvua, maji yatapanda juu ya maji. Ikiwa imekupwa, mtaa uleule unaweza kuokoka. Waulize Mamlaka ya Hali ya Hewa au bandari ratiba ya kujaa na kupwa ya siku hizo. Usiweke dau juu yake, maana kimbunga kikichelewa saa 6 tu hesabu inageuka, lakini uwe nayo.

Hatua ya tatu: choo, maji, ufunguo

Mwaka 2005 mji wa New Orleans, Marekani, uliwaingiza maelfu ya watu wasio na magari katika uwanja wa Superdome kujikinga na kimbunga Katrina. Sehemu ya paa ilichanika, umeme ukaenda, lakini kilichowavunja watu nguvu kwa siku zilizofuata ni vyoo na maji. Nchi tajiri kuliko zote ilishindwa hapo.

Kwenye shule zetu vyoo viko ng'ambo ya uwanja. Kwa upepo wa kilometa 100 kwa saa, mabati yakiruka, hakuna mtoto atakayevuka. Kwa hiyo toa darasa moja, au ofisi moja, liwe choo cha ndani: ndoo zenye mfuniko, maranda au majivu ya kunyunyizia kila baada ya kutumia, pazia la kanga au turubai katikati, ndoo ya maji yenye koki na sabuni mlangoni. Upande wa wanawake na wa wanaume utenganishwe. Kipimo cha kuanzia ni choo kimoja kwa watu 50, na watu wakikaa zaidi ya siku chache kiwe kimoja kwa watu 20. Wengi huona haya kulizungumzia hili kwenye kikao. Lizungumzie wewe kwanza.

Maji: lita 15 kwa mtu kwa siku, zikiwemo za kunywa, kupikia na kunawa. Watu 200 ni lita 3,000 kwa siku. Simtanki ijazwe kabla umeme wa pampu haujakatwa, na iwekwe chini au ifungwe kwa kamba, maana tangi tupu juu ya mnara ni bati jingine la kuruka. Vidonge vya klorini viwepo. Fuateni kipimo cha kwenye paketi na subirini nusu saa kabla ya kunywa.

Ufunguo ushikwe na watu wawili wanaokaa mtaa huohuo. Mwalimu mkuu anaweza kuwa likizo Songea. Ruhusa ya halmashauri ya kutumia jengo iwe imeandikwa na kugongwa mhuri mapema, si kutafutwa kwa simu wakati watu wako getini na vitoto mgongoni.

Hatua ya nne: hesabu saa kurudi nyuma

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ukisubiri nyekundu ndipo uanze kutafuta fundi, umechelewa.

Kosa la kawaida ni kupanga kila kitu kwa saa ambayo jicho la kimbunga litatua. Upepo mkali hufika saa nyingi kabla ya jicho. Hesabu kuanzia saa ambayo upepo utafikia kama kilometa 60 kwa saa, kwa sababu kuanzia hapo bodaboda hazikai barabarani, matawi yanakatika, na mama mwenye watoto wawili hawezi kutembea.

Tuseme taarifa inasema upepo huo utaanza saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi. Rudi nyuma. Ijumaa saa 11 jioni kila mtu awe ndani, ili ubaki mwanga kidogo na saa chache za dharura. Saa 9 alasiri bajaji ya mwisho iondoke. Milango ya kituo ifunguliwe Ijumaa saa 2 asubuhi. Wagonjwa, wazee na wajawazito wawe wamehama tangu Alhamisi. Mjamzito aliyekaribia asije shuleni kabisa, apelekwe karibu na hospitali au kituo cha afya kinachozalisha. Jumatano ni siku ya fundi, maji na vyombo vya baharini. Msisubiri hotuba ya Ijumaa ndipo mtangaze: hiyo ni saa 7 mchana na nusu ya siku imekwisha.

Nimetaja vyombo vya baharini kwa makusudi. Mvuvi hatoki ufukweni mpaka ngalawa yake iwe salama, na hapo ana haki, ndiyo mtaji wake wote. Badala ya kubishana naye Ijumaa, mpelekee vijana kumi Jumatano wamsaidie kuivuta mpaka juu ya alama ya bamvua, kuifunga na kuondoa mashine. Baada ya hapo atahama na familia yake bila kelele.

Hatua ya tano: tangazo, kisha mlango kwa mlango

Tangazo liwe fupi, lisomwe na mtu anayejulikana sauti yake, msikitini, kanisani na kwa gari la matangazo, kwa maneno yaleyale. Mfano:

"Wananchi wa mtaa wetu, hii ni taarifa ya serikali ya mtaa, Alhamisi saa 3 asubuhi. Kimbunga kinatarajiwa kuanza kutupiga usiku wa kesho. Wanaokaa kando ya bahari na bondeni wanahama kesho kuanzia saa 2 asubuhi, mwisho saa 11 jioni. Mwenye ndugu sehemu ya juu aende kwa ndugu yake leo. Asiye na ndugu aje Shule ya Msingi. Beba maji, chakula kikavu cha siku 3, dawa zako, shuka, tochi, na vyeti ndani ya mfuko wa plastiki. Huhitaji kitambulisho ili upokelewe. Mtoto asiachwe kulinda nyumba."

Sentensi ya kitambulisho ina sababu. Desemba 2024, kimbunga Chido kilipoiangamiza Mayotte, iliripotiwa sana kwamba wakazi wasio na vibali, wengi wao kutoka Komoro, waliogopa kwenda kwenye vituo wakidhani ni mtego wa kuwakamata. Walibaki kwenye vibanda vya mabati. Mitaa yetu pia ina wageni wasio na karatasi, wapangaji wanaodaiwa kodi, vijana wanaowakwepa polisi. Mlangoni unataka jina na idadi ya watu. Basi.

Kipaza sauti hakitoshi. Watu huhama pale mtu wanayemjua anaposimama mlangoni mwao, na ndiyo maana Bangladesh, baada ya kimbunga cha 1970 kilichoua mamia ya maelfu, iliunda jeshi la wahamasishaji wa kujitolea vijijini, wanaopita na vipaza sauti vya mkononi na bendera. Sura inayojulikana hufanya kazi ambayo ujumbe wa simu hauwezi. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kwa habari ya hicho kimbunga? Mwaka ule mlisema kinakuja, tukalala macho, hata jani halikuanguka."

"Kweli bibi, kilipita. Na hiki nacho kinaweza kupita. Kikipita kesho kutwa nitakurudisha mwenyewe na bajaji, na nitakufungulia mlango."

"Na kuku wangu?"

"Tunalo tenga, bibi. Wanakuja nao."

Hakuna ubishi kuhusu sayansi, hakuna vitisho. Kuna ahadi ya kurudishwa na jibu la kuku. Mifugo huwazuia watu kuliko unavyodhani. Bangladesh hutengeneza hata vichuguu vikubwa vya udongo vya kuokolea ng'ombe. Wewe tenga banda moja au kona ya uwanja yenye ukuta.

Kizuizi kingine ni wezi. Waambie watu ni nani atakuwa doria, na doria hiyo ikome upepo ukifika. Mlinzi naye ana familia.

Anayekataa kabisa, andika jina lake, idadi ya waliomo, na mwachie filimbi. Usiku hutatuma mtu kumfuata, na umwambie hivyo.

Hatua ya sita: njia

Mvua hutangulia upepo. Barabara ya kuelekea kituoni inaweza kufungwa na maji saa nyingi kabla ya kimbunga chenyewe. Dar es Salaam kila mtu anaijua Jangwani: mvua za kawaida tu za masika huifunga. Hivyo mtu wa Kigogo asipangiwe kituo ambacho lazima avuke Msimbazi. Chagua kituo upande uleule wa mto, hata kama ni kidogo. Pita kila njia kwa miguu ukiangalia kalvati, nguzo za umeme na mabango ya matangazo.

Ongea na viongozi wa vijiwe vya bajaji mapema, na mafuta ya siku hiyo yalipwe na mtaa, kwa risiti. Bodaboda zitumike kupeleka ujumbe, si wazee.

Hatua ya saba: mapokezi

Meza moja mlangoni, daftari moja, watu wawili. Andika jina, idadi, nyumba aliyotoka, simu ya ndugu. Watoto wadogo waandikwe jina na simu ya mzazi kwa kalamu mkononi. Familia za njia moja zikae darasa moja, kwani majirani hulindana. Akina mama wenye watoto wachanga wapewe chumba chao, na wasichana wanaokuja bila wazazi wakae na mama wanayemjua, karibu na taa. Kamba mbili na kanga nane hutengeneza vyumba vinne vya faragha ndani ya dakika kumi. Kila nyumba ya pwani ina kanga. Tenga mahali pa kuswali.

Madawati yasitolewe nje. Mengine yapangwe mbele ya madirisha, mengine yaachwe katikati ya chumba, utaona kwa nini.

Jiko la mkaa haliingii ndani. Nalirudia: haliingii ndani, hata kona, hata kwa chai ya mgonjwa. Chumba kilichofungwa kwa ajili ya upepo hujaa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Jenereta hali kadhalika, iwe nje, mbali na madirisha. Pikeni mchana, usiku ni mikate, mihogo ya kuchemsha na chai ya chupa.

Hatua ya nane: usiku wenyewe

Zima swichi kuu ya umeme. Watu wakae mbali na madirisha, upande wa kuta za ndani. Bati la kwanza likiondoka, chumba kizima kihamie chumba kilichopangwa tangu mchana. Paa likiondoka ghafla, watoto wanaingia chini ya madawati.

Upepo unaweza kukatika ghafla, nyota zikaonekana, watu wakashangilia. Kama jicho limepita juu yenu, huo ni utulivu wa kati, na upepo utarudi kutoka upande wa pili, pengine ndani ya dakika chache, ukizikuta kuta zilizokwisha kulegea. Mlango usifunguliwe. Weka mtu mzima mmoja mwenye kauli kwenye kila mlango, na redio ya betri iwe na anayeisikiliza. Habari za makundi ya simu, picha za vimbunga vya Florida zikidaiwa ni za Kilwa Masoko, zisisomwe kwa sauti.

Hatua ya tisa: kutoka

Usiwaruhusu watu kwa sababu tu kumepambazuka. Mwaka 2019 Idai kilitua karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia Machi 15. Mito ya Buzi na Pungwe ilizidi kufurika siku zilizofuata, kwa maji yaliyokuwa yakiteremka kutoka bara. Kwa wanaokaa karibu na mito mikubwa kama Rufiji na Ruvuma, au kwenye mabonde ya Dar es Salaam, kimbunga huwa na sehemu ya pili.

Tuma kwanza kikosi kidogo: fundi, mtu anayeujua umeme, mhudumu wa afya. Waangalie nyaya zilizoanguka, kuta zilizolowa (tofali za udongo huweza kuanguka hata jua likishatoka), nyoka waliokimbilia majumbani, na visima. Kisima kilichofikiwa na mafuriko kihesabiwe kimechafuka hadi kitibiwe. Beira mlipuko wa kipindupindu ulitangazwa Machi 27, siku 12 tu baada ya kimbunga. Kila mjumbe awe na paketi za chumvi ya mgonjwa wa kuhara (ORS). Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mwenye kuhara kwa maji mengi aende kituo cha afya mara moja huku akinywa.

Anayeondoka apitie mezani, jina lake likatwe kwa mstari. Wasio na nyumba ya kurudia wahamishiwe madarasa mawili ya mwisho, na idadi yao ipelekwe kwa mtendaji wa kata siku hiyohiyo, kwa maandishi, nakala ubaki nayo. Msaada hugawiwa kwa orodha. Kwa moto au watu waliofukiwa piga 114, kwa polisi 112, mtandao ukirudi.

Kisha ndoo zimwagwe kwenye shimo lenye chokaa mbali na kisima, madarasa yapigwe deki kwa klorini, madawati yarudishwe, na kilichovunjika kiandikwe na kulipwa na mtaa. Mwalimu mkuu aliyerudishiwa shule chafu mwaka huu hatatoa ufunguo mwakani.